Mkanda wa taiming: uani kwako au gereji?

Mkanda wa taiming huunganisha krenki, inayozungushwa na pistoni, na kamshafti, inayofungua valvu, ili zote ziende kwa mpangilio. Wanaotetea kuubadilisha nyumbani huanza na pesa: gereji za Unga Limited, Arusha, zinadai ufundi, uani kwako Njiro ni bure. Kwangu hiyo ndiyo hoja yao dhaifu kuliko zote. Ukishanunua kifaa cha kung'olea puli na spana ya kupimia mkazo, vitu ambavyo vitakaa stoo mpaka kilomita 100,000 nyingine zipite, nafuu yenyewe huioni.

Wana hoja nzito zaidi, ila hawaisemi sana: unajua kilichofungwa. Mkanda unakaa nyuma ya kava, na kava ikisharudi humuulizi mtu tena. Unaweza kulipia seti nzima ukafungiwa mkanda peke yake, beringi ya kukazia ikabaki ileile iliyokuja na gari kutoka Japani. Kwenye Subaru za injini ya EJ20, pampu ya maji nayo huzungushwa na mkanda huohuo. Ikijamu, mkanda mpya unaondoka nayo.

Lakini mjadala huu hauna maana kabla hujajua injini. IST, Vitz na Probox zenye injini ya 1NZ zinatumia cheni badala ya mkanda, wenyewe wakalale. Corolla ya injini ya 5A-FE ina mkanda, ila ukikatika au ukikosea alama za kuoanisha puli gari linazima au linakosa nguvu tu, maana valvu na pistoni hazikutani. Mtu makini, mwenye stendi imara (si jeki peke yake, tafadhali) na Jumamosi nzima, aijaribu.

Subaru ya EJ20 haina huruma hiyo. Alama ikikosewa, valvu zinapinda na unafumua silinda hedi. Zile zenye kamshafti mbili kila upande zina mtego mwingine: kamshafti za kushoto zinasukumwa na springi za valvu, kwa hiyo mkanda ukitoka tu zinaweza kuruka na valvu zikagongana, hata stata hujaigusa. Video ya dakika kumi haikuoneshi hilo.

Land Cruiser za injini ya dizeli ya 1HZ, zinazobeba watalii kwenda Ngorongoro, mimi nisingezigusa uani. Mkanda wake unazungusha hata pampu ya dizeli, na ukikatika mlimani Rhotia hasara si ya injini tu, kuna wageni ndani. Taa yake ya T-BELT kwenye dashibodi, ya kukumbusha kubadilisha mkanda, nayo usiiamini sana. Inaweza kuzimwa na mkanda ukabaki wa zamani.

Kwa walio wengi, Arusha na Moshi, jibu liko katikati: fundi anakuja nyumbani, spea unanunua mwenyewe, kila kinachotoka unakishika. Sili ya kamshafti ikiwa inavuja unaiona kwa macho yako, na inabadilishwa hapohapo, kwa sababu oili huuharibu mpira wa mkanda. Anachokosa fundi huyo ni gereji ya kumrudia mambo yakiharibika, na hilo si dogo.

Kwa hiyo simama naye hadi mwisho. Kabla ya kuwasha, azungushe krenki kwa spana, mizunguko miwili kamili, kwa sababu krenki huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja. Alama zirudi zilipokuwa. Krenki ikigoma katikati, asilazimishe. Akisema "piga stata tuone", ufunguo ubaki mfukoni mwako.