Mfano wa bahari kwenye mwanga: tuuache au tuuwekee mpaka?

Shemegi yangu anasomesha fizikia skuli moja huko Pemba, na wiki ilopita tulibishana kwenye simu mpaka saa sita usiku kwa kitu kimoja tu: mwalimu akitaka kuwafahamisha watoto wetu jaribio la mianya miwili la Thomas Young, mwanasayansi wa Uingereza, atumie mfano wa bahari, yaani kuufananisha mwanga na mawimbi ya maji, au asiutumie. Yeye anasema asiutumie, unapotosha. Mimi nasema autumie. Lakini hoja zake zimenikaa kichwani siku zote hizi na si za kupuuzwa hata kidogo, ndo maana naandika.

Jaribio lenyewe ni hivi. Unachukua mwanga wa rangi moja unaupitisha kwenye mianya miwili myembamba iliyokaribiana sana, mbele kuna ukuta. Kama mwanga ungekuwa punje punje tu kama mchanga, ukutani ungepata mistari miwili, basi. Hupati miwili. Unapata mistari mingi, mwanga kiza mwanga kiza, na pale penye kiza ukenda ukaziba mwanya mmoja panapata mwanga. Yaani umepunguza mwanga halafu pakawaka, na ukirudisha mwanga wa pili panazima. Mchanga haufanyi hivo, huwezi kuongeza mchanga juu ya mchanga ukabaki na sakafu tupu.

Sasa mtoto wa Nungwi au wa Mkoani hili ameshaliona maisha yake yote. Maji yametulia, boti mbili zinapita, mawimbi yao yanakutana, na pale mgongo wa wimbi unapokuja juu ya mgongo wa mwenzake maji yananyanyuka, na pale mgongo unapoingia kwenye bonde la mwenzake maji yanalala kama hapajapita chombo. Hesabu ya mianya miwili ndo hiyo hiyo, safari za miale miwili zikizidiana kwa wimbi zima unapata mwanga, zikizidiana kwa nusu wimbi unapata kiza. Na mlango wa mwamba je? Bahari kubwa inavunjika kule nje kwenye mwamba, lakini penye mlango maji yanaingia kisha yanatanuka huku na huku, mpaka ngalawa iliyofungwa pembeni kabisa, ambayo haiko usawa wa mlango, nayo inatikisika. Mwanga kwenye mwanya mwembamba unatanuka vilevile. Tuna darasa zima hapo nje na halina kodi.

Na huu mfano si wetu peke yetu, Young mwenyewe alitumia maji kuwaonesha watu wake kule London. Alikuwa na kazi ngumu, maana kitabu cha Newton cha 1704 kilikuwa kimewajaza watu imani kwamba mwanga ni chembe, japo Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi, alishasema wimbi tangu 1690. Young mwaka 1801 akakokotoa urefu wa mawimbi ya rangi mbalimbali, na akaeleza zile rangi za utando mwembamba, ndo zile zile unazoziona dizeli ikimwagika juu ya maji pale bandarini Malindi. Mwaka 1803 akaeleza alivyochukua kipande cha kadi chembamba akakiweka katikati ya mwale wa jua, mistari ikatokea ndani ya kivuli, na akiziba mwanga wa upande mmoja wa kadi mistari inapotea. Hata hivyo alitukanwa sana. Ilibidi aje Fresnel kule Ufaransa mwaka 1818 na hesabu za mwanga kuwa wimbi, mwanahesabu mwenzake Poisson akampinga kwamba hesabu zako zikiwa kweli basi katikati ya kivuli cha kitu cha duara patakuwa na nukta ya mwanga, upuuzi gani huo, Arago akajaribu na nukta akaiona.

Kile cha kadi nimekijaribu nyumbani, badala ya kadi nimetumia unywele wa binti yangu, tumeunyoosha mbele ya mdomo wa tochi ya leza nyekundu tukaubana kwa selotepu, tukazima taa, tukamulika ukuta ulio umbali wa mita 3 (asimulikwe mtu machoni, leza inaharibu macho). Ukutani hakikuja kivuli cha unywele. Ulikuja mstari mrefu wa vipande vyekundu na kiza katikati yake, kutoka kiza hadi kiza kinachofuata upande mmoja tumepima kwa rula milimita 24. Leza ile ni nanomita 650, ukizidisha kwa mita 3 ukagawa kwa milimita 24 unapata unene wa unywele, kiasi cha milimita 0.08. Tumepima unywele kwa rula ya skuli, kwa sababu mwanga ni wimbi. Mimi furaha yangu siku ile siwezi kuieleza.

Binti akauliza: "Baba, na maji yake yako wapi?"

Hapo ndo shemegi anaponishika, na ananishika kweli. Mfano wa bahari unamfundisha mtoto kwamba wimbi lazima liwe la kitu, na wakubwa wa sayansi wa karne ya 19 karibu wote walinasa hapo hapo, wakashikilia etha, kitu kilichojaa ulimwengu mzima ili mwanga upate pa kupitia, mpaka Michelson na Morley mwaka 1887 kule Marekani wakaitafuta athari yake wasiione. Mwanga hauna maji. Kinachopanda na kushuka ni nguvu ya umeme na ya sumaku, na hizo zinapita hata pasipo na kitu.

Hoja yake ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1909 Taylor wa Uingereza alipiga picha ya kivuli cha sindano kwa mwanga hafifu mno, picha moja ilimchukua kiasi cha miezi mitatu, na mistari ikatoka ile ile. Leo vipo vifaa vya kupeleka mwanga chembe moja moja, kila moja inagonga ukuta pahala pamoja kama tone la mvua, nukta moja, halafu zikishakuwa maelfu ile mistari inajichora. Wimbi la bahari halifanyi hivo hata siku moja, halifiki ufukweni kwa nukta. Na ukiweka kifaa cha kujua kila chembe imepita mwanya gani, mistari inapotea. Shemegi anasema mtoto uliyemjaza bahari kichwani akifika hapa anakwama.

Mimi naona anakwama zaidi asiyekuwa na bahari. Zile video za kwenye magrupu ya WhatsApp zinazosema chembe "inajua" kwamba inaangaliwa na mtu, zinamnasa nani? Zinamnasa yule aliyeambiwa chembe tu bila kufahamu wimbi. Si jicho la mtu linalofuta mistari, ni chembe kuacha alama ya njia iliyopita, hata kama hakuna mtu chumbani. Na nukta zile zinaanguka wapi kwa wingi na wapi haziangukii kabisa? Pale pale hesabu ya migongo na mabonde inaposema. Kwa hiyo bahari haijakosea kwenye safari, imekosea kwenye kufika tu.

Ila kosa langu nalikubali: mimi nilikuwa nasema "Young alithibitisha mwanga ni wimbi" nikanyamaza. Hilo nimeliacha. Somo la mawimbi likiisha, siku ile ile, mwalimu aseme mambo mawili ambayo bahari haiyawezi, kutokuwa na maji na kufika kwa nukta. Shemegi bado anataka nukta zianze kwanza, bahari baadaye. Tumekubaliana muhula ujao darasa lake moja lianze kwa nukta na jengine lianze kwa unywele na leza, na leza nampelekea mimi.