Mlango umefunguka, kalamu nyekundu imenuna

Juzi kijana ninayemsaidia Kiingereza hapa Seoul kanionyesha insha iliyorudi kutoka hagwon, tuisheni ya jioni inayokausha mfuko wa mama yake. Hadithi ya mzimu: usiku, nyumba ya bibi, hakuna mtu, halafu "the door was opened". Mwalimu kaikata "was" kwa wino mwekundu, basi. Hata neno moja la maelezo! "Hyeong," akaniuliza (ndivyo anavyoniita, kaka), "kosa liko wapi?"

Huyu mtoto si mzembe. Kwa Kikorea kufungua ni yeolda, mlango ukifunguka ni yeollida. Kisauti kidogo hapo katikati ndicho kinachobeba habari yote. Sisi tuna fungua na funguka, kwa hiyo nilimwelewa kabla hajamaliza. Barafu nayo, nokda ni kuyeyuka, nogida kuyeyusha. Kiingereza? Ukifungua, "open", ukifunguka, "open". Kitenzi kiko uchi! Mtu aliyelelewa na lugha inayovisha vitenzi vyake lazima akitafutie nguo, na nguo iliyo karibu ni "was".

Tena "the door was opened" ni Kiingereza safi, anaisoma vitabuni kila siku. Ila msomaji ataanza kumtafuta aliyefungua, na mzimu wetu umeharibika. Hilo wino mwekundu haulisemi.

Haya, nakiri shingo upande: kosa la "was happened" huandikwa na Wajapani na Wachina pia, na "happen" haina pacha wa kutendesha, kama "open" ya kufungua, wa kuichanganya nayo. Nadharia yangu haifiki kote. Na "explain me the problem", bila "to"? Mimi ninayesema "nieleze" sina ubavu wa kumcheka mtu.

Kinachonikera ni Suneung, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu. Siku ya mtihani ndege haziruki wala hazitui wakati wa kusikiliza Kiingereza, ili watoto wasikie vizuri. Heshima kubwa, kwa kweli. Halafu maswali 45, yote ya kuchagua jibu. Sentensi ya kuandika mwenyewe? Hata moja. Sasa ajue lini kitenzi kinasimama peke yake?

Nikamchorea kwenye karatasi ya mgahawa milango miwili, mmoja una mkono kwenye kitasa, mwingine hauna. Akaandika upya: "The door opened." Akaikodolea macho.

"Hyeong," akasema, "mbona kama haijaisha?"