Hiyo -i Iacheni Kwanza

Kuna jamaa kamwaga huu mstari kwenye grupu letu la WhatsApp la watu wa seva, na makofi yakamiminika:

sed -i 's/10.0.0.1/10.0.0.5/g' /etc/nginx/sites-enabled/*

Eti fundi! sed ni programu ya kutafuta na kubadilisha maandishi, -i inahifadhi mabadiliko papo hapo badala ya kukuonyesha tu, na hapa inabadilisha anwani ya mashine kwenye mipangilio ya nginx, programu ya kuhudumia tovuti. Jamani. Nukta kwenye ruwaza (yale maandishi unayotafuta) si nukta, ni herufi yoyote ile. Halafu hakuna kinachoiambia sed iishie kwenye hiyo 1, kwa hiyo 10.0.0.12 nayo inageuka 10.0.0.52 bila hodi. Kama 10.0.0.52 haipo, shukuru Mungu, kitu kitagoma utajua. Ikiwepo je? Oda za wateja zinaingia kwenye mashine isiyohusika, na wewe uko foleni ya mwendokasi ukijisifu.

Bado. Kwenye Ubuntu, folda ya sites-enabled kwa kawaida ina viungo tu (symlink, yaani njia za mkato). Mafaili yenyewe yako sites-available. Na sed -i haihariri faili lililopo: inatengeneza jipya na kulibandika mahali pa la zamani. Kiungo kwisha. Wiki ijayo mwenzako anahariri kule sites-available, anawasha upya, hakuna kinachobadilika, anakesha akiitukana nginx. Ipo --follow-symlinks ya kukilinda kiungo, lakini nani kaitaja?

"Weka -i.bak upate bakapu." Haya, ni afadhali kuliko mikono mitupu. Ila nginx ya Ubuntu inasoma kila kilichomo sites-enabled, hata chenye mkia wa .bak. Bakapu yako nayo imeajiriwa.

Lee McMahon alipoiandika sed kule Bell Labs miaka ya 1970, hakuweka -i. Matokeo yalitoka nje uyaone, ukitaka kuyahifadhi unayaelekeza mwenyewe. Fanyeni hivyo hivyo:

sed -n 's/\b10\.0\.0\.1\b/10.0.0.5/gp' /etc/nginx/sites-available/*

Hapo \. ni nukta halisi na \b ni mpaka wa neno. Inaonyesha mistari itakayobadilika tu, haigusi kitu. Isome yote. Ikikuridhisha, toa -n na ile p, ndipo uweke -i, kisha nginx -t, inayokagua mipangilio, kabla ya kuwasha upya. Kwa mipangilio ya SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) ni sshd -t, na usifunge dirisha ulilonalo.

Watu wa Ansible (programu ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja), nawasikia. Mna hoja, ila ofisi nyingi hapa Posta ni seva mbili chini ya meza ya mhasibu.

Na wenye Mac msinakili kabisa: sed ya huko ikiona -i inadhani amri yako ndiyo mkia wa bakapu.