Chicago alikimbia na jezi ya nani?

Septemba 14, 2025, fainali ya mita 10,000 ya mashindano ya dunia ilikimbiwa Tokyo bila Mganda mwenzetu Jacob Kiplimo, na dhahabu ikachukuliwa na Mfaransa, Jimmy Gressier. Wiki nne baadaye, Oktoba 12, Kiplimo akakata utepe wa marathoni ya Chicago kwa 2:02:23. Huku Sebei, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, tulishangilia. Kwenye kibanda cha chai ninachokaa Kapchorwa, karibu na stagi ya boda, shangwe ilidumu mpaka birika la pili. Hapo afande mmoja mstaafu akauliza: Chicago alikimbia na jezi ya nani?

Vijana walimcheka. Mimi sikucheka sana, maana swali lile lina uzito kuliko alivyolisema. Marathoni ndiyo mbio iliyotupa wimbo wa taifa London mwaka 2012, Moscow 2013 na Budapest 2023. Sasa wakimbiaji wetu wenye kasi kubwa kabisa wanaingia marathoni, na wanaingia kupitia mlango wa miji mikubwa. Je, tuwabane wabaki kwa ajili ya bendera, au tuwaache wakatafute?

Wanaosema waachwe wana hesabu mkononi. Mshindi wa Chicago hupata dola 100,000, kwa bei ya wakati ule kama shilingi milioni 350 za Uganda. Bingwa wa dunia hupata 70,000. Tofauti hiyo peke yake si kubwa sana. Kubwa ni kwamba mji mkubwa humlipa mwenye jina kwa kufika tu kwenye mstari, hata akimaliza wa tisa. Mashindano ya dunia hayalipi kufika. Ukikosa nafasi za juu unarudi na begi na jezi. Halafu kuna miguu. Mkimbiaji wa kiwango hicho hukimbia marathoni mbili kwa mwaka, na ukimpa taifa moja umempa nusu ya msimu. Wakala wake kwa kawaida amekwisha kata asilimia 15, na nyumbani kuna ada za wadogo zake na shamba ambalo bei haimsubiri. Anayemwambia kijana huyo akimbilie heshima aanze kwanza kumlipia ada hizo.

Tena Kiplimo hadaiwi. Alivaa jezi ya Uganda kwenye Olimpiki ya Rio 2016 akiwa na miaka 15. Akaleta shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Tokyo, dhahabu mbili za Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham 2022, na ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mwaka 2023 na tena 2024. Afande alipokumbushwa hayo alinyamaza kidogo, akaongeza sukari.

Lakini naye alikuwa na lake. Wakimbiaji wetu wengi wanalishwa na vyombo vya serikali: Joshua Cheptegei ni wa Polisi, Stephen Kiprotich ni wa Magereza. Mshahara unaingia hata mwezi ambao goti limevimba. Juu yake kuna posho ya kila mwezi kwa wenye medali za mashindano makubwa, milioni 5 kwa dhahabu, 3 kwa fedha, 1 kwa shaba. Ya dhahabu ni milioni 60 kwa mwaka, kwa hiyo karibu miaka sita ya posho inalingana na zawadi ya siku moja ya Chicago, na posho bado inaendelea. Kiprotich aliporudi na dhahabu ya Olimpiki ya London alipewa shilingi milioni 200, akapandishwa cheo, na wazazi wake wakajengewa nyumba. Ukimuuliza mwendesha boda yeyote wa hapa, hilo atakusimulia. Muulize nani alikuwa wa tatu Hamburg mwaka 2022 uone kama atakujibu.

Wa tatu Hamburg alikuwa Victor Kiplangat, huyuhuyu wa dhahabu ya Budapest, kwa 2:05:09. Na hapa ndipo mimi naachana kidogo na pande zote mbili, kwa sababu wote wanazungumza kana kwamba marathoni ni moja. Ni mbili.

Ya miji mikubwa ina watu wanaolipwa kuvuta kasi, njia mara nyingi tambarare, na mwandalizi anayeweza kualika Wakenya kumi na Waethiopia kumi akitaka. Ya mashindano haina wa kuvuta, hukimbiwa wakati wa joto, na kila nchi kwa kawaida huleta watatu tu. Fikiria maana ya hilo kwa nchi kama yetu. Kenya yenye mamia ya watu wa kasi inaingia na watatu, nasi tunaingia na watatu. Ndiyo maana mtu mwenye muda wa kawaida huweza kuwashinda wenye rekodi, na ukitazama ushindi wetu, karibu wote umekuja hivyo.

Agosti 12, 2012, Kiprotich alianza mbio za London akiwa na muda bora wa 2:07:20 kutoka Enschede, Uholanzi. Pembeni yake alikuwepo Wilson Kipsang mwenye 2:03:42, na Abel Kirui, bingwa wa dunia mara mbili. Kwenye karatasi hakuwa na nafasi. Wakenya wale wawili walimwacha nyuma kidogo, naye zikiwa zimebaki kama kilomita tano akawapita kwenye kona, akaenda, akamaliza kwa 2:08:01. Kirui alifuata sekunde 26 nyuma. Dhahabu hiyo ilikuwa ya kwanza kwa Uganda kwenye Olimpiki tangu John Akii-Bua aruke viunzi Munich mwaka 1972. Mwaka uliofuata Kiprotich akashinda Moscow kwa 2:09:51, muda ambao mjini ungemweka mbali na jukwaa.

Kiplangat ni wa ukoo huohuo. Aliwahi kuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani, mtu anayejua kuumia taratibu. Birmingham alipotea njia karibu na mwisho, akageuka, akarudi, na bado akashinda kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Budapest, kwenye joto, alichukua dhahabu kwa 2:08:53.

Kwa hiyo kumlazimisha mwenye 2:02 si lazima hata kidogo, na kuna hatari ya kumharibu. Sisay Lemma wa Ethiopia alishinda Boston Aprili 2024, akaumia kabla ya Olimpiki ya Paris, na aliyekuwa wa akiba, Tamirat Tola, akaenda akachukua dhahabu. Upande wa pili yupo Alphonce Simbu wa Tanzania, yuleyule aliyekuwa wa pili nyuma ya Kiplangat kule Birmingham. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston, na Septemba akawa bingwa wa dunia Tokyo, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Dola na bendera ndani ya miezi mitano. Inawezekana, ila mwili ndio unaoamua, na mwili haujui amri.

Lawama yangu naielekeza kwa wanaopanga. Kituo cha mazoezi cha Teryet, huku mlimani, tumekisubiri miaka mingi, na Kiprotich alilazimika kuvuka mpaka kwenda kufanya mazoezi Kenya kabla ya London. Kama tunajua kwamba marathoni ya mashindano ni mlango wetu, basi watatu wa kwenda watafutwe mapema, wawekwe kambini, walipwe kile ambacho mji wa Aprili ungewalipa kwa kufika. Dola elfu chache kwa kila mmoja zingetosha kwa wengi wao, maana wa 2:07 hatafutwi na Chicago.

Olimpiki ya Los Angeles ni Julai 2028. Mikataba ya marathoni za Aprili husainiwa miezi mingi kabla, na Kiplimo wakati huo atakuwa na miaka 27. Afande anasema aitwe sasa. Vijana wanasema aulizwe kwanza. Mimi nimemaliza chai yangu, nakubaliana na vijana, lakini aulizwe kabla mji haujamuuliza.