Kabla Hujaifungua Redio Yako ya CB

Ukinunua redio ya CB, ile ya kupokea na kutuma sauti ambayo raia wa kawaida huzungumza nayo kwa masafa mafupi, mwezi hauishi kabla hujaulizwa: "Umeshaifungua?" Yaani, umeshaipandisha wati? Sheria ya Marekani inaruhusu wati 4 kwa AM na wati 12 za kilele kwa SSB, njia mbili za kupandisha sauti kwenye wimbi. Wengi huona wamepunjwa.

Nami niliifungua yangu. Nikachukua bisibisi, nikazungusha skrubu moja ndogo ya kurekebishia huku jicho liko kwenye mita. Mshale ukapanda kutoka 4 hadi 7. Nikamwita rafiki aliyekuwa kilomita chache, nikamuuliza sasa ananipataje.

"Vilevile."

Hakuwa ananikejeli. Ili mshale wa mita ya mwenzako, unaoonyesha unavyomfikia kwa nguvu, upande daraja moja, nguvu yako lazima izidishwe mara 4. Toka wati 4 unahitaji 16 kwa daraja moja, 64 kwa mawili. Wati 7 ziliniongezea joto tu kwenye transista ya mwisho, na transista yenyewe haikumaliza mwaka.

Hilo ni langu na mfuko wangu. Wanaonikera ni wanaokata kidhibiti cha sauti, kile kijisehemu kinachozuia sauti yako isizidi kipimo inapopanda kwenye wimbi. Ukikikata, mita inacheza kwa madaha na mwenye redio anajiona mfalme. Kumbe sauti ikizidi asilimia 100, wimbi linakatika, na takataka zake zinamwagikia majirani. Chaneli zote ni 40, kati ya megahezi 26.965 na 27.405, nyingi zikipishana kilohezi 10 tu. Mpiga kelele mmoja kwenye 10 anaweza kumfunika mtu anayeomba msaada kwenye 9, ambayo ni ya dharura. Na yeye mwenyewe anasikika kama anaongea ndani ya debe!

Amplifaya kubwa, kile kifaa cha kuongeza wati za redio, sina hata haja ya kuijadili. Kwenye CB ni marufuku. Enzi za televisheni ya analogia, mawimbi yake machafu yaliangukia megahezi 54, mara mbili ya 27, pale pale chaneli ya 2 ya Marekani ilipoanzia. Jirani anatazama taarifa ya habari, anasikia wewe.

Halafu amplifaya inakupa mdomo, masikio haikupi. Utaitwa na watu usioweza kuwasikia. Antena inafanya yote mawili. Robo ya wimbi kwenye masafa haya ni karibu mita 2.7, lakini mtu anabandika kijiti cha nusu mita juu ya gari kisha analaumu wati.

Nilipobadilisha ile transista nilirudisha skrubu mahali pake, wati 4, nikahamishia antena kutoka dirishani hadi juu ya paa na kuipima upya. Jioni ile rafiki yangu ndiye aliyeniita kwanza, akitaka kujua amplifaya nimeipata wapi.