Askari wa Keya Aliyetunzwa Vizuri

Mjomba wangu ametengeneza Landrover 109 pale Tanga tangu ujana wake mpaka magoti yakagoma. Alipokuja kunitembelea Uingereza hakutaka kuona kasri la mfalme wala duka. Alitaka magari ya jeshi. Nikampeleka kwenye makumbusho moja ambayo jina lake nalihifadhi.

Cha kwanza tulikutana na 109 iliyopakwa rangi ya waridi kuanzia boneti hadi bampa. Nikamsomea kibao: mwaka 1968 makomando wa Uingereza walitengenezewa magari 72 ya namna hii, nayo yakafika mpaka majangwa ya Oman, maana waridi hupotea mchangani jua likiwa chini. Mjomba akaizunguka kimya. "Hii ni ya kumchukulia bi harusi," akasema, akaenda zake.

Lililompendeza ni jipu la Vita vya Pili, lile dogo la Kimarekani lenye injini ya nguvu za farasi 60. Wageni waliruhusiwa kulipanda. "Panda nikupige picha, tuwatumie nyumbani." Mjomba akiamuru, hujibizani naye.

Sasa, jipu lile usukani uko kushoto. Miguu yangu ilizaliwa Tanga na inazeekea Uingereza, kwa hiyo ilijipandia yenyewe upande wa kulia. Kukifikia kiti cha dereva ukitokea huko, lazima uvuke vifimbo vitatu: viwili vifupi, kimoja cha kuingiza magurudumu ya mbele na kingine cha gia nzito, halafu gia yenyewe. Mguu wa kushoto ulivuka salama. Wa kulia ulikuwa na upindo wa suruali uliofumuka, na kirungu cha kifimbo kikajipenyeza humo kikakwama. Nikaangukia kitini, tumbo chini ya usukani, mguu umebaki upande wa abiria.

"Vuta!" akasema Mjomba.

Nikavuta. Kitu kikalia krrr, mhudumu akaja mbio akinisihi nisiguse chochote, gari ni la mwaka 1943! Suruali ni ya mwaka gani, hakuuliza.

Mjomba alikuwa ameinamia nati za bampa na simu yangu mkononi. "Tulia hivyohivyo. Unajua umekalia tanki la petroli? Waliliweka chini ya kiti cha dereva ili aendeshe kwa adabu."

Watu wakaanza kujaa. Mzee mmoja mwenye bereti na medali akalitazama koti langu la kaki, akamuuliza Mjomba huyu ni nani. Kiingereza cha Mjomba ni cha vipuri: anajua gasketi, beringi na bei. Lakini baba yake alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma kupigana na Wajapani, na jambo hilo hawezi kupita penye jeshi bila kulisema. Akanyoosha kidole kwenye jipu, nami nimo ndani.

"Baba yangu," akasema kwa Kiingereza chake. "Burma. 1944."

Mzee akasimama wima, akanipigia saluti.

Mimi nimezaliwa enzi za foleni za sukari! Ningefanyaje? Nikairudisha. Nyuma yake mama mmoja akamnong'oneza mwanawe: unaona faida ya kula mboga?

Mhudumu akarudi na mkasi. Kati ya jipu na suruali, hakuhitaji kikao. Ikakatwa gotini, mguu wa kulia tu.

"Sasa umefanana nao," Mjomba akasema. "Keya walivaa kaptula."

Kituoni, nikijikinga upepo kwa begi, nikaomba niione hiyo picha ya kutuma nyumbani. Simu ilijaa nati. Nati za bampa, za boneti, za ringi, kila moja na herufi F kichwani. Mimi nilionekana kwenye moja, kiwiko.

"Kibao chao kimeandikwa imetengenezwa na kampuni ya Willys," Mjomba akasema, macho yanameta. "Hii ni Ford. Basi lisije likatuchukua. Rudi ukawaambie, wewe ndiye unayejua Kiingereza."