Kamera za mwendo barabara kuu za Dodoma: faini itamfikia nani?

Hoja ya kufunga kamera za kudumu za kupima mwendo kwenye barabara zinazotoka Dodoma kwenda Morogoro, Kondoa na Iringa ina uzito, kwa kuwa barabara hizo hukatiza katikati ya vijiji, na kibao cha 50 mara nyingi huheshimiwa pale tu askari mwenye tochi ya kupima mwendo anapoonekana. Dereva akipigiwa taa na mwenzake hupunguza mwendo, akishampita askari hukanyaga mafuta tena. Kamera haichoki, wala haiitwi pembeni kwa mazungumzo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa takriban asilimia 4, na kijijini hatari hiyo humwangukia zaidi mtembea kwa miguu na bodaboda.

Ugumu unaanzia kwa huyo bodaboda. Pale Kibaigwa, kwenye barabara ya Morogoro, msimu wa mahindi, pikipiki iliyobebeshwa magunia na kutoka njia ya vumbi kuingia lami mbele ya semitrela haina mwendo wa kunaswa. Kosa lake ni kuingia bila kusimama, jambo ambalo kipima mwendo hakilipimi, kama kisivyopima mishikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, wala kichwa kisicho na kofia ngumu. Atakayenaswa ni yule anayerudi mtupu akiwahi abiria. Hapo faini itafuata namba ya chombo, ilhali vijana wengi huendesha kwa mkataba na kadi ina jina la tajiri, yaani mwenye pikipiki. Tajiri naye ataliongeza deni kwenye hesabu, yaani fedha anazopelekewa na kijana, na kijana anayedaiwa hesabu kubwa hukimbia zaidi, jambo ambalo watetezi wa kamera hulipita haraka mno.

Hata hivyo, wanaoziita kamera mtego wa mapato hawajanishawishi. Anayekatiza kilomita 2 za kijiji kwa 80 badala ya 50 anaokoa sekunde 54 tu. Kwa maoni yangu, zifungwe mbili mbili, mwanzo na mwisho wa kijiji, zikipima wastani wa mwendo ili kukanyaga breki mbele ya nguzo kusisaidie kitu, na zianze na mabasi, malori na magari madogo. Pikipiki zifuate baada ya kupatikana utaratibu wa kumtambua aliyekuwa anaendesha. Kwa sasa, askari anayesimama kwenye maingilio ya njia za vumbi atawafaa bodaboda zaidi.